Roboti Yenye Kwikwi

Juma lile sote tulikula mkekani. Meza ilikuwa imetwaliwa na roboti ya kifungua mimba wetu, mwanafunzi wa chuo, iliyotakiwa ifuate mstari mbele ya walimu wake: magurudumu mawili ya manjano, bodi ya Arduino Uno, na kibao chekundu chenye bati jeusi la kupozea joto, yaani draiva ya mota, L298N. Nilielezwa kazi yake huku nikisonga ugali. Mguu mmoja wa Arduino haufai kutoa zaidi ya miliampea 20, na mota hata iwe ndogo hutaka mara nyingi ya hizo ikianza tu kuzunguka. Kwa hiyo Arduino inaamuru, draiva inabeba mzigo. Nikamwambia mpangilio huo naufahamu, ndio wa nyumba hii.

Tatizo ni kwamba ukiiwasha iliruka kidole kimoja, ikazima, ikawaka, ikaruka tena. Roboti ilikuwa na kwikwi. Mama mkwe akashauri ipewe maji.

Kijana aliamini kosa liko kwenye programu. Sishangai, programu hurekebishwa bila kunyanyuka kitini. Akaiandika upya usiku kucha, na asubuhi kwikwi ilikuwa palepale.

Ndipo Baba watoto akavaa miwani. Huyu amestaafu kazi ya kupanda nguzo za umeme, na kwake volti 5 si umeme, ni mate. Akagusa draiva kwa testa yake. Haikuwaka, naye akatangaza msiba.

"Baba, hiyo testa ni ya umeme wa ukutani."

"Umeme ni umeme. Leteni mita yangu."

Mita ikaletwa, ikawashwa, kioo kikabaki kitupu. Mdogo mtu, asiyeweza kutunza siri hata ya pilau, akauliza, "Betri yake si ndiyo iko kwenye roboti?"

Ndiyo. Ile ya mraba, ya volti 9. Basi kuipima betri kulihitaji mita, mita ilihitaji betri, na betri ndiyo mshitakiwa. Aliyoyasema Baba watoto sitayaandika. Mwishowe mdogo mtu alitumwa kwa fundi redio wa mtaa wa pili, akarudi na mita ya kuazima na onyo kwamba irudi kabla ya Maghribi.

Betri ikiwa imetulia, mita ilisoma 8.9. Mota zilipoamka, namba ikaporomoka chini ya 6. Betri hizi zimeundwa kwa vifaa vyenye matumizi madogo. Ukizidai ampea moja zinazirai. Na Arduino ilikuwa inapata volti 5 zake kutoka kwenye kibao hichohicho cha draiva, ambacho huhitaji kama volti 7 kuingia ndipo kitoe 5 kamili. Betri ikilegea, Arduino inazima. Ikizima, mota zinasimama. Zikisimama, betri inapata nafuu, Arduino inaamka na kuamuru upya.

Kijana akaenda Kariakoo kununua seli mbili za lithiamu za kuchaji, volti 3.7 kila moja. L298N hutumia transista za mtindo wa zamani zinazokula karibu volti 2 njiani, mota zikabakiwa na zaidi kidogo ya 5, ambazo ndizo haki yake. Kwa kuogopa kwikwi, Arduino akaipa pawabenki yake peke yake. Sasa magurudumu yakagoma kabisa, na hapo Baba watoto alistahili pensheni yake.

"Ethi yenu iko wapi?"

Waya hasi wa pawabenki haukukutana popote na hasi wa seli, kwa hiyo draiva haikuwa na pa kuzipimia amri za Arduino. Waya mmoja ukaunganisha hasi mbili, roboti ikaondoka. Iliondoka kwa kuzunguka, maana gurudumu moja lilikuwa linarudi nyuma, ikatua kwenye bakuli la mchuzi wa mama mkwe. Kupishanisha nyaya mbili za mota ile kulichukua muda mfupi kuliko kumtuliza bibi. Kesho yake ilifuata mstari wake mbele ya walimu, ikinukia bamia.

Ila jioni ileile fundi redio alikuja mwenyewe, Maghribi imeshapita, kudai mita yake. Akaiwasha pale mlangoni. Kioo kitupu. Ya Baba watoto, ajabu, ilikuwa inawaka vizuri kabisa.