Mhadhara wa Saa Kumi na Sita

Mabibi na mabwana, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia. Nashukuru kwa makofi, nilijua yangekuja. Aliyenitambulisha amesema mimi ni "jamaa anayesomea watu barua". Namsamehe. Mimi ni mtaalamu wa saa. Kwa miaka 20 sasa, bahasha ya kahawia ya serikali haijaingia nyumba ya Mswahili upande huu wa London bila kupita mbele ya miwani yangu, na ada yangu mnaijua: sambusa mbili na dua. Kuna watu wamepewa udaktari wa heshima kwa kazi ndogo kuliko hiyo.

Mada ya leo. Mtu mwenye kibarua cha saa chache, aliyekuwa akipokea ile ruzuku ya Uingereza iliyoitwa Income Support, aliruhusiwa kufanya kazi saa ngapi kwa wiki? Jibu la mjinga ni "zisifike 16". Jibu la mtaalamu ni hilo hilo, ila linachukua saa moja na nusu.

Tuanze na falsafa. Kwetu saa huishia thenashara, kisha mtu anaanza tena moja. Mzungu alipoleta saa ya kumi na sita, Mswahili hakuwa na msumari wa kuitundikia. Huo ni ugunduzi wangu mwenyewe, na mpaka leo hajatokea wa kuupinga, kwa sababu hajatokea wa kuusikiliza mpaka mwisho.

Historia nitaipitia haraka. Ruzuku ilianza Aprili 1988, na uzio wake ulikuwa saa 24. Mwaka 1992 uzio ukasogezwa hadi 16. Saa 15 na dakika 59, wewe ni fukara halali mwenye haki zako zote. Saa 16 kamili, hongera, wewe ni mfanyakazi: ruzuku imekatika, na mtoto wako atoke na pesa ya chakula cha shule. Mwenzi wako yeye, baadaye, kikomo chake kikawa 24. Kwa hiyo mume na mke walilala kitanda kimoja chini ya saa mbili tofauti, na serikali haikuona ajabu yoyote.

Mnadhani nje ya uzio kulikuwa jangwa? La. Kuanzia Aprili 2003 kulikuwa na ofisi nyingine, ya Working Tax Credit, nayo ilimtaka mzazi alelaye peke yake afikishe 16 ndipo imfungulie. Huku unaambiwa usizifikishe, kule unaambiwa usije kabla hujazifikisha. Sasa mtu ambaye wiki hii meneja kampa saa 14 na wiki ijayo 18, aende wapi? Hapo ndipo kanuni inapotamka neno tukufu: wastani.

Naomba utulivu. Wastani ni elimu nzito. Mchukueni mpishi wa shule, saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Agosti shule imefungwa, jiko limepoa, mwajiri halipi hata peni. Mpishi anakwenda kudai ruzuku. Haipati! Kanuni inasema wiki za likizo zisiingizwe kwenye wastani, kwa hiyo Agosti nzima, amekaa sebuleni anatazama televisheni, kisheria bado anapika kwa saa 20. Mimi nikisoma vifungu kama hivyo huvua kofia.

Lakini johari ya fani yetu ni chai. Kanuni za mwaka 1987 ziliamua kwamba muda wa kula au kunywa, mwajiri akiulipia, ni saa za kazi. Asipoulipia, si kazi. Sikilizeni vizuri: chai ya kulipwa ni kazi, chai isiyolipwa ni chai. Nina mteja, simtaji, alipewa robo saa ya chai kila siku, yenye malipo. Siku tano kwa wiki, robo saa tano, jumla saa moja na robo. Kazi yake ilikuwa saa 15. Kwa hiyo alivuka uzio na kikombe mkononi! Nilimshauri amwombe mwajiri amnyime malipo ya chai. Mwajiri alimtazama kama mgonjwa. Bila shaka hakuwa amesoma kanuni.

Naam, bibie wa safu ya pili, naona mkono. Maswali ni mwishoni, lakini haya, sema. Mm. Ulikuwa unasafisha ofisi usiku. Mwenzako hakuja, meneja akakuomba ubaki nusu saa, nawe ukaacha mopo imesimama ndani ya ndoo ukakimbilia basi. Naye akaandika kwamba huna moyo wa kazi. Dada yangu, ulitenda kitaalamu kabisa! Nusu saa ile, kila usiku, ingekutoa kwenye wastani. Unasemaje? Kwa saa zako 15 ulibakiwa na shilingi ngapi? Kwa mzazi wa peke yake, paundi 20 kwa wiki. Zilizozidi hapo zilipunguzwa kwenye ruzuku, paundi kwa paundi. Ndiyo, hata uwe umelipwa mia. Naam, wiki nzima. Bibie, tafadhali, tusiharibu mhadhara kwa hesabu.

Na wewe mzee pale nyuma, usicheke. Nakumbuka barua yako. Mlikuwa wawili na watoto, wewe ndiye uliyekuwa kazini, saa zako 16, mambo safi. Aprili 2012 ikaingia sheria kwamba mume na mke wenye watoto wafikishe 24 kwa jumla ndipo wapewe Working Tax Credit. Meneja hakuwa na saa za kukuongeza. Ulikula sambusa zangu siku hiyo, nami nikakuachia.

Sasa nifike kwenye msiba. Mwaka 2013 walianzisha ruzuku mpya, Universal Credit, uzio ukaanza kung'olewa. Badala yake kuna mteremko: ukipata paundi ya ziada baada ya kodi, wanakukata; mwanzoni zilikuwa peni 65, mwaka 2017 zikawa 63, na tangu mwishoni mwa 2021 ni 55. Watu wanashangilia. Mimi je? Nani atakuja na bahasha kuuliza habari za chai?

Basi Mola si Athumani. Tangu Mei 2024, mtu asiye na udhuru wa ugonjwa au mtoto mchanga, akipata chini ya kiwango fulani kwa mwezi, mwaka ule kilikuwa paundi 892, anaitwa kwenye ofisi ya ajira, Jobcentre, aeleze kwa nini hatafuti kazi zaidi. Hizo 892 zilikuwa saa 18 kwa wiki za mshahara wa chini kabisa wa mwaka ule. Mmenipata? Zamani ulifukuzwa kwa kufika 16. Leo unaitwa kwa kutofika 18. Bibie wa mopo, meneja wako yule alikuwa mbele ya wakati wake.

Nilikuwa na sehemu ya pili, juu ya walezi wa watoto majumbani, lakini mwenye ukumbi amesimama mlangoni na funguo. Tumelipia saa moja na nusu. Dakika zikizidi anatoza saa nzima, na huyu hajui wastani. Kila mmoja abebe kiti chake. Sambusa zilizobaki ziwekwe kwenye mfuko wangu.