Sifa za Mengineyo

Ajenda za vikao vyetu zina mtoto mmoja asiyeandaliwa chochote. Muhtasari wa kikao kilichopita una nakala zake, Yatokanayo yana wa kuyajibia, bajeti ina kabrasha zito. Yeye yuko namba 7, juu kidogo ya Kufunga Kikao, hana kabrasha wala mwenyewe. Jina lake Mengineyo, na leo namvulia kofia.

Wataalamu wa kuendesha vikao hawampendi. Wanataka ajenda isambazwe siku kadhaa kabla, kila jambo lipangiwe dakika zake, na lisiloandikwa lisijadiliwe. Siwabishii. Ila wangekuwapo ofisini kwetu saa sita na nusu mchana, chupa za soda zimebaki tupu, mwenyekiti ameshakusanya karatasi zake, anauliza huku kanyanyuka nusu: "Kuna mengineyo?" Hapo ndipo mhasibu msaidizi, ambaye tangu saa tatu alikuwa akichora maua pembeni mwa muhtasari, anapokohoa. "Mwenyekiti, nina dogo tu."

Dogo tu! Sijui kama Kiswahili kina onyo kubwa kuliko hilo. Siku hiyo mpango kazi wa mwaka mzima ulikuwa umepita kwa dakika kumi, kwa kuitikia "umepita" kwa pamoja. Dogo la mhasibu lilihusu ufunguo wa choo cha ghorofa ya pili, likala saa nzima: nani anakaa nao, kwa nini anaondoka nao jioni, kufuli lilinunuliwa na nani, risiti iko wapi. Watu ambao sikuwahi kusikia sauti zao walisimama mara mbili mbili. Mlinzi akaitwa kutoa ushahidi.

Mwingereza C. Northcote Parkinson aliyaona haya zamani. Katika kitabu chake cha mwaka 1957 anasimulia kamati inayopitisha kinu cha nyuklia cha pauni milioni 10 kwa dakika mbili na nusu, kisha inabishania banda la baiskeli dakika 45. Alikuwa akicheka. Mimi naona kamati ile ilikuwa na heshima zake: mtu hujadili anachokijua. Mpango kazi wetu anaujua mkurugenzi (labda). Choo tunakijua sote.

Tena Mengineyo anachuja watu. Waliokwisha kusaini karatasi ya posho huwa wameshateleza mlangoni, simu sikioni, hata haijapigwa. Wanaobaki ni wenye shida kweli, na mwenyekiti, ambaye hana pa kukimbilia.

Na hafi. Asichokimaliza leo hupanda cheo, kikarudi kikao kijacho namba 3, chini ya Yatokanayo, kimeandikwa pamoja na jina la mhusika. Ufunguo wetu ulipandishwa hivyo mwezi Machi. Mbele yake, katika kila muhtasari tangu hapo, katibu ameandika: "Linafanyiwa kazi."