Kikombe Chenye Uso Wangu

Mpwa wangu anayeishi Mwanza ameunda kundi la WhatsApp, akaliita Sapraizi ya Mama, akanitumbukiza humo bila hata kupiga hodi. Mama mwenyewe ni dada yangu mkubwa, aliyeolewa Mugumu, na mwaka huu anatimiza miaka 60. Nani kasema anatimiza? Kitambulisho cha NIDA. Kitambulisho kinasema alizaliwa tarehe 1 Julai, kama walivyozaliwa wengi wa rika lake hapa Tarime, kwa sababu karani alipomuuliza alijibu kwamba ni wakati wa kuvuna ulezi, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha. Karani akapiga hesabu zake, akaandika, akaita anayefuata.

Na Julai sina ugomvi. Ugomvi wangu ni sharti la kundi. Kila ndugu alete zawadi "ya kipekee, inayoonyesha kwamba umemfikiria Mama", na ikiwezekana aitengeneze kwa mikono yake. Chini ya sharti wamebandika mifano: kikombe chenye picha ya Mama, mto wa kochi wenye picha ya Mama, saa ya ukutani yenye picha ya Mama, mishale yake ikianzia puani. Upekee uko wapi hapo? Hata maduka ya kuchapisha ni yale yale, na maua yaliyozunguka picha ni yale yale. Ukiingia sebule kumi za Mwanza utakuta saa kumi za aina hiyo, zote zimesimama kwa kukosa betri.

Vikombe hivyo navijua vizuri. Ninacho kimoja, nilipewa na binti yangu. Alichukua picha yangu ya kadi ya mpiga kura, ile ambayo nimekodoa macho kama mtu aliyekamatwa na mbuzi si wake, akaichapisha ubavuni, na chini yake akaandika "Baba Bora". Kunywea mwenyewe naona haya. Kumpa mgeni ni kumlazimisha anitazame mara mbili: niliyekaa mbele yake na niliyeko kikombeni. Shemeji yangu aliwahi kutiliwa uji humo, akakigeuza uso uelekee ukutani, ndipo akanywa.

Basi kigawe, utasema. Nimgawie nani? Nani katika Genkuru nzima, mwenye akili zake, atapokea kikombe chenye uso wangu? Na hapo ndipo kero yangu yote inapolala. Hizi zawadi za kipekee zikishakufikia hazitoki tena.

Zawadi tulizozoea zinatembea. Liko hotpoti moja la maua mekundu, nalifahamu kwa ufa mdogo wa boksi lake. Nililiona harusini Nyamwaga, nikaliona tena kwenye kipaimara, likaja kwangu mtoto wa kaka alipomaliza chuo, nikalipeleka kwenye kitchen party, na juzi nimelikuta kwa mwalimu mstaafu, linangoja safari nyingine. Halijawahi kutiwa wali. Lakini limefurahisha nyumba ngapi! Sukari ndiyo usiseme. Kilo mbili za sukari zinaweza kuzunguka kijiji kabla hazijakutana na chai. Na ukiletewa nyama kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu; litarudi na ndizi, na ndizi zitaleta mayai. Sasa bakuli lenye picha ya aliyekuletea utaliwekea nini?

Mwenzetu mmoja wa mkoa huu huu ilibidi zawadi zake zipate nyumba ya kukaa. Pale Butiama kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na miongoni mwa vitu utakavyoviona humo ni zawadi alizopewa alipokuwa madarakani. Watu wanapita wanastaajabu. Mimi nilipita namwonea huruma. Ungekuwa wewe, ungezipeleka harusi ya nani?

Binamu yangu mmoja anadhani amepata dawa. Anavuka mpaka pale Sirari, anakwenda zake hadi Kisii, anarudi na vinyago vya lile jiwe laini linalochimbwa Tabaka: viboko, vifaru, tembo waliong'arishwa hadi wanateleza. Vizuri kwa kweli, sibishi. Ila mwaka jana alimpelekea tembo mmoja shemeji yake ambaye shamba lake linapakana na Hifadhi ya Serengeti. Shemeji alimpokea yule tembo kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akamweka juu ya meza, akamwangalia kwa muda. Kisha akauliza: "Huyu naye anakula mahindi?"

Kundini, mpwa wa pili, huyu wa Dar es Salaam, akaandika: "Anko, si mnakaa na dhahabu nyie? Mtengenezee Mama pete." Na vikatuni vya kucheka vinne. Ni kweli mgodi wa North Mara uko jirani. Hata Ikulu ina majirani.

Mwingine akaleta wazo la shada la maua, lakini la noti, eti ndiyo fasheni. Fasheni ya wapi? Vijana wanaotoka jandoni hapa kwetu wamekuwa wakitembezwa barabarani wamevikwa kanga na kubandikwa noti tangu huyo mwenye duka la maua hajazaliwa. Tofauti ni kwamba noti za jandoni zilibandikwa ukazibandua ukazitumia. Hizi za shada zimezungushiwa gundi na nailoni, na kuzitoa bila kuchana ni kazi ya daktari wa upasuaji.

Wazo pekee lililonigusa lilikuwa la litungu. Tumtafute mpigaji, amtungie dada wimbo. Nalipenda litungu, zile nyuzi nane zikianza kunguruma chini kabisa, hata mzee mwenye goti bovu hulisahau. Lakini nawajua wapigaji wetu. Anaanza vizuri, anamtaja dada, anamtaja baba yetu, anakaribia kumtaja babu. Kisha mwenye bucha anasimama na noti ya elfu kumi. Mpigaji binadamu, ana watoto. Babu anawekwa kando, anatajwa mwenye bucha, na mama wa mwenye bucha, na ukarimu wa mizani yake, ambayo sote tunaijua. Ikifika jioni wimbo wa dada umekuwa wa bucha, na dada mwenyewe amesimama anaucheza.

Likabaki hilo la kutengeneza kwa mikono. Nikasema nitamtengenezea kibuyu cha maziwa, kwa kuwa siku hizi maziwa yanagandishwa kwenye madumu ya mafuta ya kula na yananuka hivyo. Nilimwambia mke wangu. Akaniuliza kama nakijua kibuyu au nakifahamu kwa kunywea. Kwanza, akasema, kibuyu kiachwe kikomae na kukauka. Kitobolewe mdomo. Kijazwe maji, kikae mpaka nyama ya ndani ioze, na nyumba nzima ijue kwamba imeoza. Kikwanguliwe kwa kijiti mpaka mbegu zote zitoke. Kijazwe maji tena, yamwagwe, yajazwe mengine, mpaka uchungu uishe. Ukiwa na haraka, kila maziwa yatakayoingia humo yatakuwa machungu. Ndipo kifukizwe moshi, na si moshi wa kila kuni. Halafu kifuniko, halafu mkanda wa ngozi. "Na mikono yako," akamalizia, "tangu nije hapa sijaiona ikitengeneza kitu zaidi ya hoja."

Sikumjibu, kwa sababu alikuwa amesema "tangu nije hapa", na hapo akanikumbusha alivyokuja. Nyie mliosoma mjini labda hamjui, kwa hiyo nitaeleza mara moja. Dada yangu alipoolewa, ng'ombe walikuja zizini kwetu. Hawakukaa sana. Ng'ombe hao hao ndio waliotoka kwenda kwa baba mkwe wangu, na huyu mama anayenisema akaja. Kwa Wakurya kila kaka anamjua dada aliyemwozea. Yaani zawadi ya kipekee dada alishanipa kabla hawa wapwa hawajazaliwa, na inanifokea mpaka leo. Halafu mimi nimrudishie mto wa kochi?

Nikaandika kundini: Nitaleta mtamba.

Kimya. Kisha mpwa wa Mwanza, ambaye ndiye admini, akapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, tunashukuru sana. Ila kamati ilikuwa inaona... ng'ombe ni kitu cha kawaida. Tulitaka kitu chenye upekee."

Nikamwambia, wewe mura, sikiliza. Mwaka 1415 watu wa Malindi walitaka kumpelekea mfalme wa China zawadi ya kukumbukwa. Hawakumchapishia kikombe, ingawa Wachina kwa vikombe ndio wenyewe. Walimpelekea twiga. Mnyama mzima, mwenye miguu minne, kapandishwa jahazini, kavuka bahari anakula majani. Na upekee? Serikali ilipotaka ng'ombe wetu wavishwe hereni za kielektroniki, kila hereni ilikuja na namba yake isiyofanana na ya ng'ombe mwingine yeyote Tanzania nzima. Mtamba wangu anayo. Nitajie kikombe chenye namba.

Akasema atawasiliana na kamati.

Kamati imekubali, kwa masharti. Iwe sapraizi, Mama asijue. Nawauliza, ng'ombe anafichwa wapi? Kumtoa Genkuru hadi Mugumu nahitaji kibali cha kusafirisha mifugo, kwa hiyo afisa mifugo anajua. Nahitaji gari la kuvuka nalo Mto Mara, kwa hiyo dereva anajua, na utingo, na kila aliyemwomba dereva lifti siku hiyo. Mtamba naye hajaapishwa. Akiona majani mapya anatangaza.

Tena nilikuwa nahangaikia siri iliyokwisha kufa. Jana dada alinipigia. Tukasalimiana, tukaulizana mvua, tukaulizana magoti. Kisha akasema, kana kwamba anaendelea na habari ya magoti: "Huyo mtamba ni yupi? Kama ni yule mwenye pembe zilizopinda usijisumbue, alimpiga mtoto wako teke. Nataka mwekundu." Nikajifanya sijui anachozungumza. Akaniambia nisisahau kuja na kamba yangu, kwa sababu ya mwisho niliyoazima sikuirudisha.

Sharti la pili la kamati limefika leo asubuhi kwa basi la Mwanza: utepe wa kung'aa, mwekundu, mpana kama kiganja, na picha ya kunionyesha jinsi unavyotakiwa kukaa, fundo kubwa katikati ya pembe. Wanataka na video wakati wa kufunga. Mwekundu ndiye huyo dada anayemtaka, na mwekundu hapendi kuguswa kichwa. Hata hereni alivishwa na wanaume watano, na mmoja wao bado anachechemea. Nimeutundika utepe kwenye mlango wa zizi niwaze. Mtamba ameshaula nusu.