Namna ya Kuchuchumaa Mbele ya Trafiki

Ndugu abiria wa Pande, umetoka alfajiri na kiroba chako cha ng'onda, unakwenda Kilwa Masoko, na Hiace imeshajaa. Usirudi nyumbani. Gari halijai, kinachojaa ni roho ya mwoga. Panda, nikupe ufundi.

Kwanza, pa kusimama. Mlangoni mwachie konda, ndiyo ofisi yake. Wewe jibanze karibu na bi mkubwa mwenye khanga pana. Kutoka Pande hadi Hoteli Tatu ni vumbi tu, simama kwa raha zako. Kazi inaanza mkishika lami.

Pili, soma taa. Gari linalokuja likiwawashia taa mara mbili mchana kweupe, hiyo si salamu: trafiki wapo mbele, na pengine wana tochi ya kupima mwendo. Suka wako ghafla anakuwa mcha Mungu. Mshale unashuka hadi 50, mkanda unafungwa, muziki unapunguzwa.

Tatu, hapa ndipo penyewe. Konda atasema, "Anko, chuchumaa kidogo." Chuchumaa. Goti moja juu ya dumu la mafuta ya ufuta, pua kwenye mkoba wa jirani, kichwa chini ya usawa wa dirisha. Usijiulize kwa nini wewe uliyelipa nauli sawa na aliyekaa ndiye unayejificha, na aliyekujaza anampungia askari mkono. Maswali hunyanyua mgongo, na mgongo huonekana kiooni.

Na unyamaze! Siku moja askari kijana, mwenye adabu zake, alichungulia dirishani akasema, "Shikamooni, wazee." Kutoka chini ya viti ikaitika sauti nzito: "Marahabaa, mwanangu." Kijana akainama. Gari la watu 15 tukashuka 26, mzee wa mwisho akijipangusa kanzu na kumuuliza habari za nyumbani.

Nne, ujue uwezo wa huyo unayemkimbia. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamruhusu kusimamisha gari, kudai leseni, kukagua tairi na breki. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Idadi ya abiria imeshapangwa kwenye leseni ya LATRA, na anayezidi hushushwa. Aliyezidi ni wewe. Kwa hiyo akiuliza mko wangapi, waachie waliokaa wajibu: "Levo siti, afande!"

Tairi lenyewe usilitazame wakati wa kupanda. Litakuondolea raha ya safari.

Tano, konda akishuka na makaratasi, wewe tazama minazi. Akirudi na kontro namba, 30,000 hiyo mtaisikia kwenye nauli ya kurudi. Akirudi mikono mitupu anatabasamu, basi walizungumza vizuri. Sheria ya rushwa ya 2007 inamshika anayetoa na anayepokea. Wewe uliona minazi tu.

Juu ya mlango kuna kibandiko chenye namba ya simu ya kutoa taarifa. Konda ametundika shati lake hapo. Usilisogeze. Ukisogeza utaisoma, ukiisoma utapiga, ukipiga utashushwa na kiroba chako jua la saa saba, na ng'onda hawana siri.

(Wa kwenda Dar es Salaam wana somo lao. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, giza linaficha migongo bila mazoezi.)

Mkishapita njiapanda ya Nangurukuru, inuka taratibu, shika bomba, piga mwayo kama mtu aliyekaa tangu asubuhi. Mguu uliokufa ganzi upige chini mara tatu. Mbele hapo kina mama wawili wenye ndoo za pweza watanyoosha mkono, na konda atapiga bati: "Nafasi ipo, mama zangu, tena ya kutosha!" Sogea. Muoneshe mgeni pa kuweka goti.