Taa Nyekundu na Mama Mkwe

Mhandisi aliyechora Toyota IST ya kwanza, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2002, hakuiweka dashibodi mbele ya dereva. Aliiweka katikati ya gari, juu ya redio. Kwa mtu anayesafiri peke yake hilo halina neno. Kwa mtu mwenye familia, tena anayeishi Goba, maana yake ni kwamba mwendo wako, petroli yako na aibu zako zote ziko hadharani. Abiria wa mbele anaona unachoona. Wa nyuma akijivuta kidogo katikati ya viti, anaona vizuri kukushinda. Mshale wa petroli ukigusa chini, gari zima linakutangazia kwa pamoja, na mmoja wa watangazaji bado yuko chekechea.

Langu nililipata kwa dalali. Maneno yake mnayajua: AC ful kipupwe, tairi mpya, injini haijawahi kufunguliwa, alikuwa anaendesha mwanamke, la kwenda kazini na kurudi tu. Mimi nilikuwa nimeshaelimishwa kuhusu taa. Unapogeuza ufunguo bila kuwasha injini, taa zote za tahadhari lazima ziwake, kisha ukiwasha injini zizime. Taa isiyowaka kabisa ndiyo ya kuogopa, kwa sababu kuna watu ambao gari likianza kulalamika hawaligusi gari, wanang'oa balbu. Niligeuza ufunguo, dashibodi ikawaka kama duka la mapambo, nikawasha injini, ikazima yote. Dalali akanitazama kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyefaulu.

Tulipokwama kidogo ni kwenye stika ya kubadilisha oili iliyokuwa kwenye nguzo ya mlango. Ilikuwa ya Kijapani, ila tarakimu ni zilezile dunia nzima: mwaka 22, kilomita 98,000. Mwaka wa 22 wa Heisei, enzi ya mfalme Akihito iliyoanza 1989, ndio 2010. Dashibodi siku ile, miaka mingi baadaye, ilisoma 86,000. Nilipomwonyesha, dalali alisema gari la Kijapani likitunzwa halizeeki.

Halafu kulikuwa na yule dada wa ndani ya gari. Kila ukiwasha, anasema maneno kwa Kijapani, kwa adabu sana. Magari mengi ya mkononi kutoka kule huja naye. Ni kifaa cha kulipia barabara za mwendo kasi, na anachoomba ni kadi iingizwe. Sikuona haja ya kumtoa. Mama mkwe alipokuja kutoka Iringa na kupanda kwa mara ya kwanza, alimsikia, akatulia, akamjibu, "Marahaba."

Mama mkwe alikuja kutolewa mtoto wa jicho. Upasuaji ulikwenda vizuri mno, na hapo ndipo shida zangu zilipoanzia. Mtu ambaye kwa miaka alikuwa anaona dunia kupitia ukungu, sasa anakaa kiti cha mbele, kama heshima inavyotaka, akiwa na jicho jipya na dashibodi ya IST iko usoni pake. Tulikuwa tunashuka kuelekea Makongo kwenda kliniki. Katikati ya mteremko ikawaka taa nyekundu, duara lenye alama ya mshangao ndani yake, ikazima.

"Baba, hii nyekundu ilikuwa inasema nini?"

"Ni ya breki, mama."

"Inasema zipo au hazipo?"

"Inasema tuziangalie."

"Tutaziangalia lini, tukishafika chini?"

Taa za gari zina utaratibu wake. Kijani na bluu ni taarifa tu, kwamba umewasha taa za mbele na kadhalika. Ya njano inakwambia nenda kwa fundi ukipata nafasi. Nyekundu inakwambia nafasi ndiyo hii. Ubaya wa lile duara nyekundu ni kwamba linafanya kazi zaidi ya moja: linawaka ukisahau kushusha hendibreki, linawaka mafuta ya breki yakipungua, na kwenye magari mengine linawaka hata mfumo wa umeme wa breki ukiwa na hitilafu. Mhandisi huyohuyo aliyetutangazia dashibodi alibana matumizi kwenye balbu.

Nikaenda gereji ya kwanza, Sinza, chini ya mwembe. Taa haikuwaka. Fundi akawasha injini, akazima, akawasha, akanyanyua hendibreki, akashusha. Taa ilifuata sheria zote, imetulia kama mtuhumiwa aliyekwisha kuongea na wakili wake. Fundi akaamua ni swichi ya hendibreki, kile kitufe kilicho chini ya wenzo, akakikaza, akapokea hela yake. Jioni wakati wa kurudi, taa ikawaka tena kwenye kona ya kushoto.

Aliyefuata alikuwa fundi umeme. Huyu alisema ni asi, yaani waya wa kwenda bodini umeshika kutu, na akaongeza kwamba kwa uzoefu wake panya wanapenda sana waya za Kijapani. Alipendekeza tubadilishe waya zote za mbele. Nilipouliza bei, nikaona panya wamenionea huruma. Wa tatu alikuwa kijana mwepesi wa suluhisho. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Bosi, kwani hiyo taa ndiyo inayokusumbua? Naweza kuitoa."

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anafanya kazi ya kompyuta na anaamini hakuna ugonjwa usio na programu yake. Alikuja na kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kinachozungumza na simu. Chini ya usukani kuna soketi ya matundu 16. Marekani iliifanya ya lazima kwa magari madogo yote mapya kuanzia ya 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani mengi yana soketi ya umbo hilohilo, lakini wakati ule hayakulazimika kuongea lugha moja na wenzao. Kidude kikachomekwa, kikapepesa, simu ikazunguka na kuzunguka. Shemeji akasema gari limekataa kuhojiwa. Mama mkwe, aliyekuwa barazani na kikombe cha chai, akauliza kama amejaribu kulisalimia kwanza.

Ikabidi niende kwenye gereji kubwa yenye mashine ya maana, inayojua lugha za watengenezaji karibu wote. Ukilipa unapewa karatasi. Karatasi ilisema hakuna kosa lolote lililohifadhiwa. Hilo nililielewa baadaye. Kompyuta ya injini inaandika makosa ya injini: plagi inayokosa moto, sensa ya oksijeni iliyochoka, masega ya eksozi yaliyoziba. Mengine inasubiri mpaka yajirudie kwenye safari mbili mfululizo ndipo iwashe taa yake ya njano. Yaliyomo ndani ya kichupa cha mafuta ya breki haiandiki, hayo ni mambo ya boya na waya wake tu. Lakini siku ile nilifika nyumbani na karatasi yangu nikaisoma kwa sauti ya ushindi.

"Mashine imesema gari zima?" mama mkwe akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi ungeiambia iangalie na ile taa."

Jirani yetu mmoja mstaafu, mwema sana, tayari alikuwa amesimama getini na chupa ya mafuta ya breki. Alisema kwake huwa anaongeza na taa inazima. Mke wangu alimshukuru, akamwomba asubiri tumwone fundi mmoja zaidi. Ni afadhali.

Huyu wa mwisho ni mzee, ana kibanda karibu na mwisho wa mteremko. Hakufungua boneti. Alikaa kwenye tairi, akafuta mikono, akaanza kuuliza maswali kama daktari wa zamani. Inawaka asubuhi au jioni? Gari likiwa la baridi au limeshatembea? Ukikanyaga breki au ukiachia? Ukiwa tambarare au mlimani? Kona ya kulia au ya kushoto?

Nilikuwa natafuta jibu la heshima wakati sauti ilipotoka dirishani.

"Inawaka tukishuka, akikanyaga breki. Tambarare haiwaki. Na inawaka kona ikinitupa upande wake. Ikinitupa mlangoni, haiwaki. Na siku hizi inakaa muda mrefu kuliko zamani ndipo izime."

Fundi akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ndiye ninayeiona. Yeye anaangalia barabara."

Mzee akafungua boneti, akaelekeza tochi kwenye kile kichupa cheupe nyuma ya injini. Mafuta yalikuwa yamesimama juu kidogo tu ya mstari wa chini. Gari likiwa limesimama, boya ndani yake linaelea na taa imezima, na gereji zote nilizopita ziko tambarare. Gari likiinama kwenye mteremko, au mafuta yakisukumwa upande mmoja kwenye kona, boya linashuka na taa inawaka. Ukinyooka, inazima. Kwa hiyo mwembe wa Sinza ulikuwa mahali pabaya kuliko pote pa kuitafutia.

Nikadhani ataongeza mafuta. Badala yake akachukua jeki na spana ya magurudumu. Breki za diski, alisema, haziyanywi mafuta. Kadiri pedi zinavyokwisha, pistoni zinatoka nje kuzifuata, na mafuta yanashuka kichupani kwenda kujaza nafasi iliyoachwa nyuma yao. Kichupa kikipungua bila dalili ya kuvuja popote, kaangalie pedi. Ukikimbilia kuongeza, unaizima taa na kuacha pedi ziendelee kuisha, halafu siku ya kuweka mpya, pistoni zikirudishwa ndani, mafuta yanafurika na kubandua rangi ya gari. Nilimfikiria jirani na chupa yake.

Pedi zikatolewa. Mpya huwa na unene wa kama milimita 10. Hizi zilibaki kama mbili, na ya ndani upande wa kushoto ilikuwa chini ya hapo. Pedi nzuri huwa na kibati kidogo kinachopiga kelele kwenye diski zikikaribia kwisha. Hizi hazikuwa nacho. Aliyenitangulia alinunua zile za bei ya chini kabisa, huyo mwanamke wa kwenda kazini na kurudi, kama alikuwepo. Kijana wa pikipiki akatumwa Shaurimoyo kuleta zenye kibati. Mama mkwe akaomba zile kuukuu, akazipapasa, akazifunga kwenye khanga. Alisema ni za kumwonyesha yule mwenye karatasi.

Gari lilipokuwa tayari, mafuta yalikuwa yamepanda yenyewe hadi karibu na mstari wa juu bila kuongezwa tone. Nikageuza kurudi nyumbani, lakini nilikuwa na mkaguzi kando yangu. Alitaka tupande mpaka juu, tushuke. Tukashuka, nimekanyaga breki kama fundi alivyoelekeza, kwa upole na kurudiarudia ili pedi zikae. Kimya. Alitaka kona ya kushoto. Tukaipata, ikamtupa upande wangu, akiwa ameinamia dashibodi. Kimya. Akaegemea kiti, akavuta hewa kwa pua, akageuka.

"Baba, hiyo harufu ya kuungua ni ya nini?"

Nikampigia fundi palepale, nikaweka sauti ya nje. Akasema ni pedi mpya, ndivyo zinavyonuka siku za mwanzo, zitazoea.

"Na wewe mzee," mama mkwe akaiambia simu, "kuna kitu kinagonga huku kwangu chini tukipita matuta. Kinagonga mara mbili. Tukija kesho nikueleze vizuri?"