Namna ya Kuandika Skripti Itakayofia Columbus

Umekabidhiwa orodha ya wachangiaji wa msiba. Wanachama wako Louisville, Columbus na Buffalo, na namba zao za 502, 614 na 716 kila mmoja kaziandika alivyopenda: huyu kwa mabano, yule kwa vistari. Wewe ndiye fundi. Nifuate.

1. Andika skripti kwenye Mac yako hapo Louisville, usiijaribu kwingine. Ikikubali kwako, imekubali dunia nzima.

2. Safisha namba kwa sed -i. Hapa ndipo penye utamu, tukae kidogo. Sed ya Mac haitembei na -i bila kutajiwa mkia wa jina la faili la akiba, hata ukiwa mtupu: sed -i ''. Sed ya GNU, iliyo kwenye Linux ya shemeji yako Columbus, haina adabu hizo. Itaudhani ule utupu ndio amri, kisha amri yako halisi iichukue kama jina la faili na kulalamika kwamba faili hilo halipo. Shemeji atapiga simu. Mjibu kwa upole, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Usiongeze neno.

Akizidi kukusumbua, mpe sed -i -e. Linux itanyamaza. Mac nayo itakuzalia faili la pili, jina lake likiishia na -e, na sasa msiba mmoja una orodha mbili. Mweka hazina achague anayoipenda.

3. Juu kabisa andika #!/bin/sh, ndani mwaga bash na mabano yake mawili mawili. Mac haitasema kitu, maana sh yake ni bash iliyovaa kanzu ya kuazima. Ubuntu imeikabidhi sh kwa dash tangu 2006, na dash mabano hayo haiyajui. Buffalo, wenye Ubuntu hiyo, watakuwa wa kwanza kupata habari.

4. Tarehe za mwezi uliopita zitafute kwa date -v-1m. Linux hutumia -d. Shauri yao.

5. POSIX usiisome. Amri hizi ilishaziwekea kanuni mwaka 1992, na -i ya sed haimo. Waoga humwaga matokeo kwenye faili jipya, halafu mv ikalirudishia jina la zamani. Ni mstari mmoja tu, na miji yote mitatu inaukubali. Sifa ya ufundi utaipata wapi hapo?

Mambo yakiharibika kabisa, sema ni theluji ya Buffalo. Hakuna atakayebisha.