Barua ya wazi: tafadhali tupelekeni mahakamani

Kwa Wakuu wa Vitengo vya Ufuatiliaji Madeni,
Kampuni za Mikopo ya Mtandaoni,
Ofisi Isiyo na Mlango.

YAH: OMBI LA KUSHTAKIWA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu. Naandika kwa unyenyekevu kuomba jambo ambalo wadaiwa hawana kawaida ya kuliomba: tupelekeni mahakamani. Mmetutishia hivyo kwa muda mrefu, nasi tumesubiri. Badala ya samansi zinakuja meseji, tena haziji kwa mdaiwa peke yake. Zinakwenda kwa mkwe wake, kwa mwalimu wa mwanawe, na kwa fundi bomba ambaye namba yake imebaki kwenye simu tangu siku bomba lilipopasuka: "Umewekwa kuwa mdhamini wa mkopo. Mwambie ndugu yako alipe kabla ya saa sita mchana, la sivyo hatua kali zitachukuliwa dhidi yako." Ikigonga saa saba, picha ya mdaiwa inazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, imeandikwa TAPELI kwa herufi nyekundu. Hakimu hajaonekana, ila hukumu imeshatoka.

Mdai mwenye mkataba safi haogopi hakimu. Nashawishika kuamini kwamba mnachokikwepa ni makaratasi yenu kusomwa kwa sauti. Swali la kwanza litakuwa leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Swali la pili litakuwa hesabu. Tuseme mtu ameomba Sh100,000. Kwenye simu zinaingia Sh70,000, kwa sababu Sh30,000 mmezikata mapema na kuziita ada ya huduma. Baada ya siku saba anadaiwa laki yote. Ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani Sh3,500 kwa laki hiyo. Ninyi mmechukua zaidi ya mara nane ya kiasi hicho, na mwezi wenyewe haujafika hata nusu. Mtaani mikopo ya aina hii inaitwa kausha damu, na sioni aliyekosea kuipa jina hilo.

Niwapongeze pia kwa ubunifu wenu katika suala la udhamini. Sheria ya Mikataba inadai ridhaa ya hiari. Ninyi mmepata mdhamini asiyejua kwamba ni mdhamini. Mtajibu kuwa mkopaji alibonyeza "Nakubali" akawafungulia orodha yake ya namba. Kweli alibonyeza. Lakini mtu huridhia kuhusu taarifa zake mwenyewe; hana mamlaka ya kuridhia kwa niaba ya fundi bomba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, zisigeuzwe kwa matumizi mengine. Kwa hiyo mkwe aliyetumiwa vitisho anaweza kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa jina lake mwenyewe, hata kama hajawahi kukopa senti tano. Na hiyo picha yenye herufi nyekundu ina pa kuangukia: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumnyanyasa mtu kwa ujumbe wa kielektroniki. Ndiyo maana wadaiwa wenye busara wameacha kuzifuta meseji zenu. Wanazitunza pamoja na tarehe na namba zilizozituma.

Mtasema natetea wasiolipa. Hapana, dawa ya deni ni kulipa, na anayekopa huku ameshaamua kutolipa ni mwizi. Lakini mtu kushindwa kulipa hakuwapi ninyi madaraka ya polisi. Deni peke yake si jinai, na askari si wakala wa makusanyo. Hata mahakama inapoamuru kifungo cha madai, hutangulia hukumu na mdaiwa kusikilizwa, na mdai ndiye anayegharimia chakula chake huko ndani. Naelewa kwa nini kipengele hicho hakimo kwenye meseji zenu.

Mtasema tena kwamba kesi ni ndefu na deni lenyewe ni dogo. Kama ni dogo kiasi cha kutostahili samansi, limekuaje kubwa kiasi cha kumdhalilisha mtu mbele ya ukoo mzima? Mkopeshaji mwenye leseni ana njia nyingine. Hupanga upya marejesho na mteja wake, na akishindikana humripoti kwenye taasisi za taarifa za mikopo, ili anayetaka kumkopesha kesho ajue rekodi yake. Njia hiyo ni ya polepole, lakini inamlazimu mkopeshaji kupima uwezo wa mteja kabla ya kumpa fedha. Ninyi hamuulizi mshahara wala biashara, kwa sababu dhamana yenu ni aibu, na aibu kila mtu anayo. Kasoro yake ni kwamba haimwongezei mtu kipato. Inamsukuma kufungua programu ya pili ili ailipe ya kwanza, na mwisho wa mwezi deni moja limezaa matatu.

Hivyo narudia ombi langu. Njooni mahakamani na leseni, mkataba, na mchanganuo wa kila shilingi mliyotoa na mliyokata. Kitakachoonekana ni halali tutalipa. Sisi tutakuja na meseji.

Wenu katika kudaiwa.

Nakala:
Benki Kuu ya Tanzania
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi
Watu wote waliomo kwenye simu ya mdaiwa (namba zao mnazo)